Mjumbe Hauawi, Hufunguliwa Faili: Salim Ahmed Salim kutoka Ubalozini hadi Wizarani

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa mabalozi wastaafu mlioketi safu ya mbele, walimu wenzangu, wanafunzi, na nyinyi wazee wetu mlioacha kahawa na bao ili mje kunisikiliza: naomba radhi kabla sijakosea.

Nimealikwa kuzungumza juu ya diplomasia mbele ya watu walioifanya kazi hiyo, na mimi sijapata hata siku moja kushika pasipoti ya kibalozi. Niliyonayo ni ya kusoma na ya kusikia. Nikiteleza, wazee wangu, msiniwekee itifaki. Nisahihisheni.

Nilichokusudia jioni hii ni kumfuata mtoto wa visiwa hivi vya Zanzibar, Salim Ahmed Salim, tangu alipopelekwa Cairo kuwa balozi mwaka 1964 mpaka alipokabidhiwa Wizara ya Mambo ya Nje mwezi Novemba 1980, na miaka yake mitatu na ushei ndani ya wizara ile. Uwaziri mkuu wake nitaugusa tu. Miaka 12 aliyoukalia ukatibu mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kule Addis Ababa, 1989 hadi 2001, nawaachia wengine. Swali langu ni dogo: ubalozi ulimpa nini waziri, na ulimgharimu nini?

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Ni methali nzuri, na kila anayesomea diplomasia huifurahia kwa sababu inamhakikishia usalama wake. Mimi naona ina nusu iliyosahauliwa. Mjumbe hauawi, lakini hufunguliwa faili. Faili hilo linaweza kukaa kabatini miaka 10, limetulia, mpaka siku mjumbe atakapobisha hodi kwa shida yake mwenyewe. Hapo ndipo hutolewa vumbi. Nitaieleza rai hii kwa hoja nne, na naomba mapema mnisamehe kwamba hazilingani urefu. Ya tatu ndiyo iliyonitoa nyumbani.

Hoja ya kwanza: balozi hubeba neno asilolitunga

Salim alizaliwa mwaka 1942. Kwa hiyo alipopelekwa Cairo alikuwa na miaka 22. Naomba vijana mlioko nyuma mwitazame namba hiyo vizuri. Miaka 22 leo ni umri wa kusubiri matokeo ya chuo na kumwomba mjomba vocha. Yeye alikuwa anaingia ikulu ya Gamal Abdel Nasser na hati za utambulisho mkononi.

Msidhani ilikuwa bahati tu ya Mapinduzi, ingawa Mapinduzi yaliwafungulia vijana milango ambayo kwingine ingehitaji mvi. Alikwishapita kwenye siasa za wanafunzi, kwenye uandishi wa gazeti, na kwenye chama cha Umma cha Abdulrahman Babu. Na Cairo ya wakati ule haikuwa kituo cha kupumzikia. Wapigania uhuru wa bara zima walikuwa na ofisi pale. Redio yake ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu 1954, na wazee mlio hapa mnajua ilivyosikilizwa katika mitaa hii. Mwaka huohuo wa 1964, mwezi Julai, wakuu wa nchi za Afrika walikutana pale na kupitisha azimio la kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni, azimio ambalo Mwalimu Nyerere alilisimamia.

Kutoka Cairo alihamishiwa India mwaka 1965, akakaa mpaka 1968. Huko ubalozini akawa pia mwanafunzi, akasoma Chuo Kikuu cha Delhi; baadaye akiwa New York alifanya hivyohivyo, akapata shahada ya pili Chuo Kikuu cha Columbia. Sifa yake hii huwa haisemwi sana. Kuna mabalozi ambao wakishapata bendera kwenye gari huona masomo yamekwisha.

Lakini India nimeitaja kwa sababu nyingine. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia wakiongozwa na Ian Smith walijitangazia uhuru wao. Desemba, Tanzania ikavunja uhusiano na Uingereza kwa kushindwa kuwazuia. Gharama yake ilikuwa mkopo wa pauni milioni 7.5 ambao Waingereza waliuzuia. Sasa mweke kijana wa miaka 23 katika mji mkuu wa nchi kubwa ya Jumuiya ya Madola, umwambie aeleze kwa nini nchi maskini imeamua kutupa pauni milioni saba na nusu kwa ajili ya watu wa nchi nyingine. Hakuitunga sera ile. Hakushauriwa. Kazi yake ilikuwa kuisimamia kana kwamba ameiota yeye.

Hilo ndilo fundisho la kwanza la ubalozi. Mabalozi mtanithibitishia: balozi hasemi "naona", husema "serikali yangu inaona". Akirudi ofisini huandika nyumbani, na huko humwandikia msomaji mmoja aliyechoka, mwenye mafaili mengine 40 mezani. Akirefusha hasomwi. Akipamba haaminiwi tena. Mtu aliyefanya hivyo kwa miaka 16 hujifunza kutenganisha kinachomkera yeye na kinachoidhuru nchi yake. Ishikeni hiyo, nitairudia.

Alirudi makao makuu ya wizara kwa muda, akiongoza kurugenzi ya Afrika na Mashariki ya Kati, kisha mwaka 1969 akapelekwa Beijing. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikuwa inakaribia kuanza kujengwa. Hakukaa sana China. Mwaka 1970 akapelekwa Umoja wa Mataifa, na umri wake ulikuwa miaka 28.

Hoja ya pili: New York humfundisha mtu kuhesabu

Balozi wa nchi moja hujifunza nchi moja. Mwakilishi wa Kudumu kule New York hujifunza ukumbi, na ukumbi ni hesabu. Nani yuko upande wetu, nani anasema yuko nasi lakini siku ya kura atakuwa amekwenda kunywa chai, nani anasubiri simu kutoka kwao. Salim alikaa kwenye hesabu hiyo miaka 10.

Nitayataja majukumu haraka. Tangu 1972 aliongoza Kamati ya 24, ile ya Umoja wa Mataifa iliyoshughulikia kuondoa ukoloni. Mwaka 1975 aliongoza kamati ya Baraza la Usalama ya vikwazo dhidi ya Rhodesia. Januari 1976 alikuwa Rais wa Baraza la Usalama, mwezi ambao wajumbe wa Palestina waliketi kushiriki mjadala na Marekani ikaliangusha azimio la mjadala huo kwa kura ya turufu. Septemba 1979 akachaguliwa Rais wa kikao cha 34 cha Baraza Kuu. Kwenye jukwaa lile, yeye akiwa kwenye kiti cha juu nyuma ya mzungumzaji, alipita Papa Yohane Paulo II na alipita Fidel Castro, wote katika Oktoba moja. Januari 1980 akaendesha kikao cha dharura juu ya majeshi ya Kisovyeti kuingia Afghanistan, na nchi 104 zikataka majeshi hayo yaondoke, 18 zikapinga.

Nimeitaja Afghanistan makusudi. Wapo waliompaka Salim rangi ya mtu wa kambi ya Mashariki. Mtu wa kambi ya Mashariki, akiwa amekalia kiti kile, angeweza kuukwaza mjadala kwa mbinu za kanuni, na kanuni za Baraza Kuu zina vichaka vya kutosha kumficha anayetaka kujificha. Mjadala haukukwazwa. Kura ilipigwa.

Kuna siku moja katika miaka hiyo ninayoipenda kuliko zote, na haizungumzwi. Ni Agosti 25, 1980. Baraza Kuu lilikuwa limeitwa kwenye kikao maalumu cha mambo ya uchumi. Kabla ya uchumi, shughuli ikawa kupokea mwanachama mpya: Zimbabwe. Mtu aliyekuwa kwenye kiti, mwenye nyundo mkononi, ni yuleyule aliyeongoza kamati ya vikwazo dhidi ya Rhodesia miaka mitano nyuma. Ni yuleyule aliyekuwa kijana Delhi akieleza habari za pauni milioni 7.5. Mambo ya nje huzaa matunda namna hiyo, polepole, na mara nyingi mpandaji huwa ameshahamishwa kituo. Salim alipata bahati ya kuwa bado yupo ukumbini.

Hoja ya tatu: faili la Oktoba 25, 1971

Sasa tufike nilikotaka kufika.

Mwaka 1971 kiti cha China ndani ya Umoja wa Mataifa kilikuwa bado kinakaliwa na serikali ya Taiwan. Kila mwaka suala lilikuwa linaletwa, na kila mwaka Marekani ilikuwa na njia yake ya kulizuia: kutaka lihesabiwe kuwa jambo zito linalohitaji theluthi mbili ya kura. Mwaka ule nchi 23, Tanzania ikiwemo, zilileta azimio. Balozi wa Marekani pale Umoja wa Mataifa alikuwa George Bush, baba, na alikuwa amefanya kampeni kubwa kuhakikisha ile kinga ya theluthi mbili inapita tena.

Usiku wa Oktoba 25 ikapigiwa kura. Waliotaka theluthi mbili 55, waliokataa 59, walionyamaza 15. Kinga imevunjika. Wajumbe wa Taiwan wakainuka na kutoka. Baadaye azimio lenyewe likapita: 76 kwa 35, na 17 bila upande.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi na vifijo, na wajumbe wa Tanzania walikuwa miongoni mwa walioinuka na kucheza kwenye ujia kati ya viti. Nani hasa alicheza, na kwa hatua ngapi, kila msimuliaji ana yake. Vyombo vya habari vya Marekani vilishika picha moja tu: vijana wa Kiafrika wanacheza Amerika imeshindwa, na balozi wao kavaa koti la mtindo wa Mao.

Kuhusu koti hilo niseme neno. Wenzangu wa rika langu mnazikumbuka suti zile, kola fupi iliyosimama, tulizoziita Chuenlai. Nchini kwetu lilikuwa vazi la ofisini. Karani wa bohari alikuwa nalo, mwalimu mkuu alikuwa nalo, Rais mwenyewe alikuwa akilivaa. Mtu akivaa Chuenlai alikuwa ameepuka joto la tai, basi. Lakini vazi likivuka bahari hubadilika maana, na ukumbini New York lilisomwa kama bendera.

Sasa pimeni. Kura ile haikuwa ya Salim. Nchi yetu ilikuwa imeitambua Beijing tangu Desemba 1961, mwezi tuliopata uhuru Bara. Waziri yeyote, balozi yeyote wa Tanzania, angeipiga kura ileile. Kura ni neno la aliyekutuma, na hilo ndilo methali inalolikinga. Furaha, hata hivyo, haikuandikwa kwenye maelekezo yoyote kutoka Dar es Salaam. Furaha ilikuwa ya wajumbe wenyewe. Na dola kubwa, kama mtu mkubwa yeyote mtaani, anaweza kumezea kushindwa, ila asionekane akichekwa.

Faili likafunguliwa.

Miaka 10 ikapita. Mwaka 1981 Salim ni Waziri wa Mambo ya Nje, ana umri wa miaka 39, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika umempitisha kuwa mgombea wake wa ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa. Aliyekuwa kwenye kiti, Kurt Waldheim wa Austria, anataka muhula wa tatu. Baraza la Usalama linaanza kupiga kura mwishoni mwa Oktoba. Ili upite unahitaji kura 9 kati ya 15, na asiwepo hata mmoja kati ya wale wakubwa watano wa kukukataa. China ikamkataa Waldheim, duru baada ya duru, mpaka duru 16. Marekani ikamkataa Salim. Wiki zikapita mlango umefungwa pande zote mbili. Makamu wa Rais wa Marekani wakati huo alikuwa nani? Naona mabalozi mnatabasamu. George Bush.

Hapa naomba niwe mwangalifu, kwa sababu hadithi hii ni tamu mno na utamu hupotosha. Sitaki kuigeuza siasa ya dola kuwa kinyongo cha mtu mmoja juu ya ngoma moja. Serikali ya Ronald Reagan ilikuwa na orodha ndefu ya sababu. Salim alikuwa ameongoza Kamati ya 24 kwa miaka minane. Alitoka nchi iliyohifadhi Kamati ya Ukombozi ya Afrika na wapigania uhuru wake. Alikuwa na msimamo juu ya Palestina, juu ya Namibia, juu ya Afrika Kusini, na hakuna hata mmoja uliowapendeza Washington. Bila ya ngoma angekataliwa vilevile? Nadhani angekataliwa. Ngoma iliwapa picha ya kuibandika juu ya jalada. Faili nene halisomwi na wakubwa, husomwa jalada.

Mimi nilikuwa mtoto Tanga wakati huo. Baba alikuwa na redio ya mkulima, na betri, kama mnavyokumbuka, hazikupatikana. Tulikuwa tukizianika juani juu ya bati mchana ili ziamke kidogo kwa taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Sauti ikija inafifia, tunasogea. Usiku mmoja wa Desemba mtangazaji alisema Salim amejiondoa. Baba aliizima redio kabla ya habari za michezo, jambo ambalo halijapata kutokea, akamwuliza marehemu bibi yangu, kana kwamba bibi ndiye Baraza la Usalama: "Sasa huyu kijana wetu kawakosea nini?" Bibi, aliyekuwa akipepeta mchele, akamjibu bila kuinua uso: "Labda hakuwaamkia."

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, na bado sijaona jibu lililoukaribia ukweli kwa maneno machache namna hiyo.

Aliyeufungua ule mkwamo alikuwa jirani yetu. Olara Otunnu wa Uganda, kijana wa miaka 31, ndiye aliyekuwa Rais wa Baraza la Usalama mwezi ule. Aliwaomba Waldheim na Salim wote wawili wasimame kando ili majina mapya yapigiwe kura. Desemba 11 akapita Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Wapo waliosema Uganda ilitusaliti, Uganda ambayo majeshi yetu yalikuwa yameisaidia kumng'oa Amin mwaka 1979. Sikubaliani nao. Otunnu alikuwa kwenye kiti, na aliyeketi pale hubeba neno la kiti. Salim, aliyewahi kukikalia mwenyewe, ndiye angemwelewa kuliko sisi tuliokuwa tunaanika betri.

Nami nawaulizeni wanafunzi: siku ile Salim alijiondoa kama mgombea, kesho yake alikuwa nani? Alikuwa bado Waziri wa Mambo ya Nje wa Tanzania. Na mezani kwake kulikuwa na suala la Namibia. Uhuru wa Namibia ulikuwa unajadiliwa na Kundi la Mawasiliano la nchi tano za Magharibi, na mkubwa wa kundi hilo alikuwa Marekani ileile. Azimio namba 435 la mwaka 1978 lilikuwa limeshapita. Kazi ilikuwa kulitekeleza, na Washington ilikuwa inalifunga na masharti ya wanajeshi wa Cuba kuondoka Angola. Kwa hiyo mtu aliyekataliwa wiki baada ya wiki ilimpasa kuwapokea, kuwaandalia chai, na kuzungumza nao juu ya uhuru wa watu wengine kana kwamba hakuna kilichotokea. Niliwaomba mshike jambo moja kwenye hoja ya kwanza, tofauti ya kinachokukera wewe na kinachoidhuru nchi yako. Hapa ndipo lilipohitajika.

Hoja ya nne: waziri hana pa kulirudishia neno

Hii nitaieleza kwa upande ambao wanaosimulia habari za Salim huuruka.

Balozi akibanwa ana maneno ya kumwokoa: "Nitaiuliza serikali yangu." Waziri akibanwa, serikali ni yeye. Nasema hivi nikijua kwamba kwa nchi yetu, enzi ile, hilo lilikuwa kweli kwa nusu tu. Sera ya nje ilikuwa inakaa Msasani, nyumbani kwa Mwalimu. Waziri wa Mambo ya Nje chini ya Nyerere alikuwa kama nahodha aliye na mwenye chombo ndani ya chombo: usukani anaushika yeye, lakini bahari yote kuna mtu amekaa nyuma anaijua vilevile, pengine kumzidi. Kwa hiyo ukiniuliza ni sera gani mpya tunayoweza kuiita ya Salim kati ya Novemba 1980 na Aprili 1984, nitasita. Sioni. Naona utekelezaji wa hali ya juu. Hilo si tusi. Lakini tusimpe sifa ambazo hahitaji.

Kazi iliyomgeuza kutoka balozi kuwa waziri, kwa maoni yangu, haikuwa New York. Ilikuwa Namanga, na Holili, na Horohoro. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Februari mwaka huo Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Ukafungwa kwa miaka sita na zaidi. Shangazi yangu alikuwa na mwanawe ameolewa Mombasa. Kutoka Tanga mpaka Mombasa ni mwendo wa siku moja, tena siku isiyochosha. Kwa miaka sita barua zao zilikuwa zinapitia kwa watu, pamoja na sabuni na mafuta ya kula ambavyo kwetu vilikuwa vimeadimika. Magendo, tuliyaita. Shangazi aliyaita salamu.

Jambo la namna hii huwezi kulimaliza kwa kuhesabu kura. Hapana ukumbi, hapana kura. Kuna ndege, meli, mabehewa na madeni ya jumuiya iliyokufa, vyote vinagombewa kama mirathi. Kuna msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, anayepita miji mikuu mitatu na mahesabu yake. Na kuna majirani wawili ambao magazeti yao yamekuwa yakitukanana kwa miaka. Novemba 1983 marais watatu, Nyerere, Moi na Obote, walikutana Arusha, na mpaka ukafunguliwa. Mkataba wa kugawana mali na madeni ulitiwa saini hapohapo Arusha tarehe 14 Mei 1984.

Siku hiyo Salim hakuwa tena Waziri wa Mambo ya Nje. Aprili 12 Edward Moringe Sokoine alikuwa amefariki kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro, na Aprili 24 Salim akateuliwa Waziri Mkuu. Wizara ikarudi kwa Benjamin Mkapa, ambaye ndiye aliyemwachia Salim mwaka 1980. Huyu naye alitokea kwenye uandishi wa habari na akawa amepitia ubalozi Nigeria na Marekani.

Je, basi mwanadiplomasia ndiye waziri bora wa mambo ya nje? Siwezi kuwapa kanuni. John Malecela alitangulia Umoja wa Mataifa kabla ya wizara. Jakaya Kikwete hakupitia ubalozini, akaishika wizara miaka 10, na mwaka 2005 akamshinda Salim huyuhuyu kwenye uteuzi wa CCM wa mgombea urais. Augustine Mahiga na Liberata Mulamula walikwenda wizarani wakitokea kwenye kazi ya ubalozi, na Kenya walikuwa naye Amina Mohamed. Ninachoweza kusema ni kwamba anayetoka ubalozini huingia wizarani na faili lake limeshaandikwa na wageni. Anayetoka kwenye siasa za ndani huingia na faili jeupe. Kila mmoja ana hasara yake.

Mbele yetu

Mheshimiwa Mwenyekiti, naona unaitazama saa. Namalizia.

La kwanza ni ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa. Afrika ilikipata kiti kile baadaye, kwa Boutros Boutros-Ghali na Kofi Annan. Muhula wa António Guterres unakwisha Desemba 31, 2026. Tangu 2016 wagombea husimama mbele ya Baraza Kuu na kuhojiwa hadharani, jambo ambalo 1981 halikuwapo. Kura ya turufu haijaondoka. Kwa hiyo kijana wa Zanzibar, wa Kigoma au wa Kisumu anayetaka kiti kile mwaka 2046, faili lake litaanza kuandikwa karibuni, pengine kwa picha aliyoibandika mtandaoni jana usiku.

La pili ni lugha. Mwaka 2004, Joaquim Chissano wa Msumbiji, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa nchi yake wakati uleule wa Salim, aliuhutubia Umoja wa Afrika kwa Kiswahili. Wafasiri walihangaika. Mwaka 2022 Kiswahili kikakubaliwa kuwa lugha ya kazi ya Umoja huo. Chuo cha Diplomasia cha Kurasini kilianzishwa mwaka 1978 na nchi zetu mbili, Tanzania na Msumbiji. Ningependa kuona pale mtaala wa kufundisha uandishi wa taarifa za kibalozi kwa Kiswahili, kwa sababu tumebaki kuwaandikia wakubwa wetu kwa lugha ya kuazima mambo ambayo mdomoni tunayasema kwa lugha yetu.

La tatu ndilo la haraka zaidi. Wakubwa huandikiwa tawasifu. Lakini neno la balozi lilikuwa linapita kwenye mikono ya watu: mpiga chapa, karani wa masijala, aliyefunga na kufungua maandishi ya siri, dereva aliyesubiri nje ya jengo la Umoja wa Mataifa usiku ule wa Oktoba 1971. Wengi wao, kama wapo, wamevuka miaka 80. Wanafunzi wa historia mlioko hapa, chukueni simu zenu zenye vinasa sauti mwende mkawasikilize, na mwende mwaka huu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti kwa ajili ya maswali. Naona Balozi ameshainua fimbo yake pale mbele. Nadhani kuna mahali nimeteleza.